Sato kutoka Dar kwenye bwawa la Njombe: je, watazoea baridi?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Nina bwawa la mita 20 kwa 15 nje kidogo ya mji wa Njombe, kina chake sentimita 80, maji yanaingia muda wote kutoka kwenye kijito. Katikati ya Juni nilinunua vifaranga 900 wa sato kutoka Dar es Salaam, wakasafiri usiku kwa basi kwenye mifuko yenye oksijeni. Nilifuata maelekezo: mifuko ikaelea bwawani nusu saa, nikaifungua, wakatoka wenyewe. Kesho yake asubuhi niliokota zaidi ya 200 waliokufa. Waliobaki wakawa wanakaa chini tu, hawali, na baada ya siku kama kumi wakaanza kuota manyoya meupe mwilini na kufa wachache wachache. Sasa sidhani kama wanafika 100. Nimeazima kipimajoto: saa 1 asubuhi maji yana nyuzi 14, saa 9 alasiri yana 19. Aliyeniuzia anasema hawa waliobaki wameshazoea, na watakaozaliwa hapa watakuwa samaki wa baridi kabisa. Jirani ananishauri ninunue wengine 1,000, niwaweke kwenye simtanki na kuwapoza kwa barafu kidogo kidogo kwa wiki moja ndipo niwamwage bwawani. Je, samaki anaweza kuzoeshwa baridi? Na bwawa langu nilifanyeje?”*

Pole sana kwa hasara, na hongera kwa kuazima kipimajoto, maana vipimo vyako viwili vimejibu sehemu kubwa ya swali. Samaki anaweza kuzoea baridi, na akizoea kweli mwili wake unakuwa umejengwa upya ndani kwa ndani. Lakini kazi hiyo huchukua siku na wiki, na ina mpaka wa chini ambao mazoezi hayauvuki. Vifaranga wako hawakupewa muda, kisha wakatiwa kwenye maji yaliyo karibu mno na mpaka huo. Ukinunua 1,000 wengine Julai au Agosti, hata ukiwapoza kwa uangalifu mkubwa, nina hakika utaokota tena.

Tuanze na ile nusu saa ya kuelea, kwa sababu wafugaji wengi huiita kuzoesha. Kazi yake ni moja: kusawazisha joto la maji ya mfuko na la bwawa ili samaki asipate mshtuko anapovuka. Na mara nyingi hata kazi hiyo haikamiliki. Mfuko wenye lita 10 au 15 za maji yaliyotoka Dar na nyuzi 25 hauwezi kushuka hadi 14 kwa dakika 30. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vifaranga wako walitoka kwenye maji ya nyuzi 20 na kitu wakaingia kwenye 14 kwa pigo moja. Samaki hana namna ya kujikinga na hilo. Damu yake hupita kwenye matamvua, na pale imetenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba sana. Kifaranga wa gramu moja au mbili huchukua joto la maji yanayomzunguka ndani ya dakika chache.

Sasa tuangalie ndani ya mwili. Kila seli imezungukwa na utando uliotengenezwa kwa mafuta, na utando huo hufanya kazi vizuri ukiwa laini tu: si wa kumwagika, si wa kuganda. Umeona asubuhi ya Julai huko kwenu jinsi mafuta ya mawese yanavyoganda kwenye chupa wakati ya alizeti bado yanamiminika. Tofauti iko kwenye umbo la mafuta yenyewe, na sato aliyekulia kwenye nyuzi 26 ana tando zenye mafuta mengi ya aina ile inayoganda mapema. Akipoa ghafla, tando zinakakamaa. Vipitishio vya chumvi vilivyomo kwenye tando za matamvua vinazubaa, neva zinachelewa kupeleka taarifa, misuli inalegea. Ndiyo maana samaki aliyepigwa na baridi hulala ubavu, hubadilika rangi kuwa mweusi, na hata ukimgusa hukimbia kwa uvivu.

Akishushwa polepole, mwili hujibu. Ini na matamvua huanza kutengeneza kwa wingi vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) vinavyobadilisha mafuta ya tando yawe ya aina isiyoganda upesi. Kwa kuwa kasi ya kazi za mwili hushuka kwa takriban nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10, seli hufidia pia kwa kuongeza idadi ya vimeng'enya vya kuzalisha nguvu. Yote haya ni ujenzi, na ujenzi unafanywa na mwili ambao wenyewe umeshapoa na kupunguza kasi. Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wengi wa vifaranga hawalisemi: kuzoea joto ni haraka, kuzoea baridi ni taratibu mno. Samaki aliyehamishiwa maji ya joto zaidi anaweza kujirekebisha kwa siku moja hadi chache. Aliyehamishiwa baridi anaweza kuhitaji wiki mbili au tatu.

Mwaka 1942, F. E. J. Fry na wenzake wa Toronto walionyesha kwa samaki wadogo wa dhahabu kwamba baridi inayomuua samaki inategemea joto alilokuwa akiishi kabla. Ukimtunza kwenye maji ya joto, mpaka wake wa chini unapanda. Ukimtunza kwenye maji ya ubaridi, unashuka. Lakini kila aina ya samaki ina mahali ambapo mpaka huo unagoma kushuka zaidi. Sato, mwenye asili ya Mto Nile na maziwa ya joto ya Afrika, hukua vizuri kati ya nyuzi 26 na 30. Chini ya 20 ukuaji unakuwa mdogo sana. Kwenye 16 au 17 huacha kula, na kinga ya mwili inadhoofika vibaya. Kati ya nyuzi 12 na 8 hufa, kutegemea alivyozoeshwa na afya yake. Bwawa lako alfajiri lina 14, na hiyo ni siku uliyopima. Usiku mmoja wa anga jeupe na upepo ungeweza kulishusha zaidi.

Kwa kujua hayo, vifo vyako vinaeleweka kuwa vya aina mbili. Wale 200 wa kesho yake ni mshtuko. Hawa wa baadaye walivuka mshtuko, lakini matamvua yao hayakuweza tena kushikilia chumvi za damu. Samaki wa maji yasiyo na chumvi hupoteza chumvi na kuingiwa na maji mwilini kila dakika, na hubaki hai kwa sababu matamvua hurudisha chumvi ndani. Kazi hiyo ikilegea, samaki anadhoofika siku baada ya siku, utelezi wa ngozi unapungua, na ukungu ambao daima upo majini unapata mahali pa kuota. Manyoya meupe uliyoyaona ndiyo huo ukungu. Umekuja mwishoni kumalizia. Dawa ya ukungu peke yake isingewaokoa.

Oksijeni siishuku sana hapa. Maji ya baridi hushika oksijeni zaidi ya maji ya joto, na ingawa mwinuko wa Njombe unapunguza kiasi hicho, vifaranga 900 wadogo kwenye mita za mraba 300 hawawezi kuimaliza.

Kuhusu maneno ya muuzaji: hao wasiofika 100 huenda kweli wamezoea kwa kiasi. Wamepitia wiki kadhaa wakiwa hai, na kati ya waliokufa na waliobaki kuna tofauti za kimaumbile. Lakini kuzoea kwa mwili hakurithiwi kwa namna anayoisema. Kifaranga atakayezaliwa Desemba kwenye nyuzi 23 atajengwa kwa ajili ya nyuzi 23, na Juni itamkuta akianza upya. Kupata ukoo wa sato wanaovumilia baridi zaidi ni kazi ya kuchagua wazazi kwa vizazi vingi, na hata hapo nafuu inayopatikana ni nyuzi chache. Tena kwa maji yako ya sasa hawatazaa. Sato huhitaji kama nyuzi 22 na kuendelea ili watage.

Ushauri wa jirani una chembe ya ukweli, kwamba kushusha polepole kunasaidia. Kosa ni barafu na ile wiki moja. Barafu hupoza juu na upande mmoja, ikiisha maji yanapanda tena, na samaki anapigwa na mawimbi ya joto na baridi badala ya mteremko. Wanaofanya kazi hii kwa mpangilio hushusha nyuzi 1 kwa siku, si zaidi, kisha husimama kwenye joto la mwisho kwa wiki moja au mbili. Kutoka 25 hadi 18 ni siku saba za kushuka tu. Simtanki la lita 1,000 lenye vifaranga 1,000 kwa wiki tatu linahitaji pampu ya hewa usiku na mchana na kubadilisha maji kila siku, la sivyo amonia, sumu inayotokana na uchafu wanaoutoa, itawaua kabla ya baridi. Na ukifanikiwa kila hatua utapata nini? Samaki aliye hai kwenye nyuzi 16, asiyekula, asiyekua, anayesubiri Septemba. Gharama hiyo ni kubwa kwa faida ndogo, wakati kalenda ingekufanyia kazi hiyo bure.

Hao waliobaki, waache. Usivute wavu kuwahesabu, usiwahamishe. Samaki aliyepoa akikwaruzwa magamba, ukungu unaingia palepale. Usiwalishe mpaka maji ya alasiri yafike nyuzi 20, na hapo anza na konzi ndogo upande wenye jua, uone kama wanapanda. Chakula kisicholiwa kinaoza chini na kuongeza amonia. Waliokufa watoe kila siku. Najua utashauriwa kumwaga chumvi bwawani: bwawa lako lina kama lita 240,000, kwa hiyo hata gramu 1 tu kwa lita ni kilo 240 za chumvi, ambazo kijito kitazisomba ndani ya siku chache.

Kijito hicho ndicho ningeanza nacho. Wafugaji wa nyanda za juu hupenda maji yapite bwawani muda wote, wakiamini maji yanayotembea ni afya. Kwa sato ni hasara mara mbili: maji ya kijito usiku ni baridi kuliko ya bwawa, na yanapotoka yanaondoka na joto la mchana pamoja na ukijani ambao ni chakula. Ziba. Ruhusu maji ya kujazia tu yale yaliyopotea kwa jua na kuvuja, tena kati ya saa 6 na saa 9 mchana. Kama una chemchemi karibu, ipime alfajiri, kwani maji yanayotoka ardhini hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima wa eneo, na Julai yanaweza kuwa ya joto kuliko kijito.

La pili ni kina. Sentimita 80 hupashwa moto haraka mchana na hupoa haraka usiku, na anayeua ni usiku. Bwawa likikauka wakati wa ukarabati, chimba mwisho mmoja ufike mita 1.5, mwingine ubaki mita 1. Bomba la kutolea maji ya ziada liwe lile linalochota chini, maana maji ya baridi huzama. Likichota juu linatoa maji ya joto na kubakiza ya baridi. Upande unakotoka upepo panda kizuizi au simamisha uzio wa matete, lakini miti isiweke kivuli juu ya maji.

Ukiwa na uwezo kidogo, jenga bwawa dogo la kulelea la mita 4 kwa 5 na ulifunike kwa karatasi ya nailoni angavu, kama ile ya vitalu-nyumba vya nyanya. Hapo ndipo vifaranga wadogo wanapovushwa miezi ya baridi. Fungua pembeni mchana hewa ipite. Kufunika mita 300 zote sikushauri. Hesabu ya samaki hailipi.

Baada ya hapo fuata majira. Pima maji wiki nzima, saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, juu na karibu na sakafu. Kwa sakafuni, funga chupa tupu kwenye mti mrefu pamoja na jiwe, izamishe, iache ijae dakika tano, ivute upesi na uchomeke kipimajoto humo humo. Weka samaki baada ya maji ya alfajiri kufika nyuzi 20 au karibu na hapo siku saba mfululizo. Kwa Njombe tarajia Oktoba au Novemba. Lengo ni kwamba ikifika Mei kila samaki awe na angalau gramu 50, kwani wakubwa wenye akiba ya mafuta huvumilia kuliko vifaranga. Weka wawili kwa mita ya mraba, yaani 600. Wakiwa na gramu 50 ni kilo 30 za samaki: kwenye nyuzi 25 utawapa takriban gramu 900 za chakula kwa siku, kwenye 20, gramu 300 zinatosha, chini ya 17, usitoe kitu. Na usidanganywe na hesabu za miezi sita za Dar. Kwa maji yenu kufikia gramu 250 kunaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Nunua karibu iwezekanavyo. Kituo cha serikali cha Ruhila, Songea, kiko jirani zaidi na wewe kuliko Dar, safari ni fupi na tofauti ya joto huenda ikawa ndogo. Popote utakaponunua, uliza kabla ya kulipa: matangi yenu yana nyuzi ngapi leo? Kama wana 26 na wewe una 21, waombe wawashushe nyuzi 1 kwa siku kabla ya kuwafunga. Wawe hawajala kwa saa 24, na maji ya mfuko yawe na gramu 5 za chumvi kwa lita. Hiyo hupunguza kazi ya matamvua njiani.

Siku ya kupokea, panga wafike mapema ili uwaweke kuanzia saa 4 asubuhi, maji yakiwa yanapanda joto na usiku bado uko mbali. Alasiri bwawa ni la joto zaidi, lakini maji ya kijani huwa na uchungu wa magadi (kinyume cha asidi) ulio juu saa hizo, na hilo linahusu hatari nyingine. Njiani samaki wamejaza mfuko kwa amonia, ila hewa chafu waliyotoa imeyafanya maji kuwa na asidi kidogo, na kwenye asidi amonia haina sumu kubwa. Ukifungua mfuko, hewa ile inatoka, asidi inapungua, na amonia inageuka sumu. Kwa hiyo uelee ukiwa umefungwa. Kila robo saa pima joto la maji ya bwawa, na lile la mfuko kwa kukunja nailoni kuzunguka kipimajoto kwa nje. Tofauti ikibaki nyuzi 2 au chini, hata kama imechukua saa moja na nusu, ndipo ufungue. Kuanzia hapo usikawie: ongeza maji ya bwawa robo ya mfuko kila dakika tano, mara tatu au nne, kisha uulaze watoke. Maji yanayobaki kwenye mfuko usiyamwage bwawani. Weka vifaranga 20 kwenye kikapu cha wavu ndani ya bwawa kwa siku tatu. Wakifa wengi humo, jua na bwawani wanakufa vilevile hata kama huwaoni, maana wanaokufa wakiwa wadogo mara nyingi huzama bila kuonekana.

Kambale utashauriwa pia. Anavumilia baridi zaidi kidogo kuliko sato, lakini naye hukua vizuri kwenye 25 hadi 30, hivyo Julai atakaa bila kukua. Samaki anayelingana kweli na baridi yenu ni trauti, anayependa nyuzi 10 hadi 18. Huyo anataka maji safi yanayopita muda wote, oksijeni nyingi, na chakula chenye protini nyingi ambacho ni ghali, na maji yakizidi 20 anaanza kuteseka. Usimlete bila kibali, kwani samaki mgeni akitorokea mtoni harudishwi.

Mwite afisa uvuvi wa halmashauri aje bwawani kama samaki wanakufa wakati maji yana nyuzi 22 au zaidi, kama wana vidonda vyekundu au macho yaliyotoka, kama alfajiri wanahema midomo juu ya maji, au kama wanakufa wakubwa na wadogo pamoja ndani ya siku moja. Hizo si dalili za baridi peke yake. Mwandalie samaki wawili watatu walio hai lakini wagonjwa kwenye mfuko wenye maji ya bwawa, maana aliyekufa tangu jana haonyeshi mengi, pamoja na daftari la vipimo vyako vya asubuhi na alasiri.